Fisi Maji wa Lambo la Mahona

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimeamua. Wiki hii haiishi kabla kijiji kizima hakijamwona fisi maji.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji, na utafanyika lamboni kwenyewe. Mashimba anaomba matete ya upande wa juu yafyekwe yote ili afunge pampu na kulima nyanya na matikiti. Karibu watu wote wanamuunga mkono. Nyanya unaweza kuzila. Matete utayafanyia nini? Mimi peke yangu napinga. Mwenyekiti wetu, Paschal, kijana mwenye haraka zake, aliniambia mbele za watu nilete sababu na siyo kumbukumbu.

Sababu ninayo. Kwenye matete yale anaishi fisi maji. Nimeshawaambia, wakacheka. Basi Mwenyekiti akasema ataita afisa wanyamapori kutoka Bariadi. Afisa akimwona mnyama huyo kwa macho yake, matete yanabaki. Asipomwona, Mashimba anafyeka. Nikakubali palepale. Nilipokaa chini nikakumbuka kwamba mara ya mwisho kumwona fisi maji nilikuwa mchunga ndama, nimevaa shati bila suruali, na Mashimba huyuhuyu amelala kifudifudi pembeni yangu juu ya tuta.

Lambo hili alilichimba baba yangu, Mahona, na wenzake, kwa majembe ya mkono, huku wanaimba. Mji wetu ulikuwa pale juu. Sasa ni itongo, mahame tu, minyaa michache na jiwe la mama la kusagia lililovunjika. Kila kitu kimebadilika. Baba akirudi leo, kitu pekee atakachokitambua ni yale matete. Hilo sikulisema mkutanoni. Wangesema ni kumbukumbu.

Leo nimejenga kibanda cha kujificha, karibu na maji. Nimetumia mabua ya mahindi niliyoyahifadhi tangu mavuno. Mke wangu Generoza amesema ng'ombe watakula. Nimemweleza kwamba mimi nilikuwa karani wa pamba Bariadi miaka mingi na najua kupanga mambo. Ng'ombe hawaji upande ule. Akasema haya, akaendelea kuchagua maharage.

Kibanda kimependeza sana.

Jumanne, 3 Septemba

Ng'ombe wanakuja upande ule.

Nilikuwa ndani tangu alfajiri, na chai yangu kwenye chupa, na michembe ya viazi vitamu mfukoni. Kimya. Ukungu juu ya maji. Harufu ileile ya tope na majani mabichi. Nikamkumbuka baba akisimama pale pale, fimbo begani, anangoja ng'ombe wote wanywe ndipo na yeye anawe uso. Moyo ulinijaa. Nikafumba macho kidogo tu.

Nilipofumbua, ukuta wa kushoto haukuwepo. Mahali pake palikuwa na ng'ombe mwekundu, mwenye nyota usoni, anatafuna na kunitazama. Nyuma yake kundi zima la Mashimba.

Mwenyewe alikuwa juu ya tuta na ile kofia yake pana aliyonunua mnadani Lalago, anayoivaa hata kukiwa na mawingu. Akanisalimia. Mwangaluka, ng'wana Mahona. Sasa mtu akikusalimia vizuri utafanyaje? Nikaitikia mwangaluka. Akauliza habari za nyumbani. Mhola. Habari za Generoza. Mhola. Habari za mwanangu Flora huko Mwanza, na za wajukuu, na za mguu wangu. Hapa kwetu salamu haikatizwi, hata nyumba ikiungua. Kufika kwenye mguu paa lilikuwa limeliwa. Alipomaliza zamu yake nikawa na deni la kumuuliza na mimi, nikauliza yote, huku ukuta wa mwisho unaingia kinywani mwa dume jeupe.

Ndipo akauliza kama nimehamia huku. Nikamjibu nilikuwa napumzika. Akasema ni mahali pazuri pa kupumzika, akaenda zake na ng'ombe wake walioshiba.

Mtu mwenye dharau sana. Na ng'ombe wale ni kizazi cha ng'ombe wa baba yangu. Mzee alipofariki mimi nilikuwa ofisini Bariadi, sikuwa na pa kuwaweka. Mashimba akawanunua wote. Huyo mwekundu mwenye nyota, bibi yake mzaa bibi yake mimi nimemkamua. Angalau angeniachia mlango.

Jumatano, 4 Septemba

Mbinu mpya: chambo. Samaki nao ni chakula cha fisi maji. Nikachukua sato wa Generoza, aliyekuwa wa mchana, nikamweka kwenye jiwe karibu na matete, nikajificha nyuma ya kichaka.

Alikuja kongoti. Yule ndege mwenye upara na kifuko shingoni. Alitembea kwa heshima mikono nyuma, kama mkaguzi wa mahesabu, akamtazama sato, akanitazama mimi, akammeza mzima mzima. Kisha akasimama anangoja mwingine. Nilipoondoka akanifuata mpaka karibu na kanisa.

Mchana tumekula mlenda mtupu. Afadhali Generoza angenigombeza.

Lakini wakati wa kula nimekumbuka jambo, na hili ndilo lenyewe! Mluzi wa baba.

Zamani kila mji ulikuwa na mluzi wake wa kunyweshea. Ng'ombe walikuwa hawanywi mpaka wausikie, na hawaendi kwenye mluzi wa mji mwingine. Wa baba ulikuwa mrefu unaopanda, kisha mifupi miwili, kisha mrefu unaoshuka polepole kama mtu anayetua mzigo. Ng'ombe wakiusikia huko malishoni wanainua vichwa na kuteremka. Na kila baba alipoupiga, fisi maji alitoa kichwa kwenye matete kutazama kelele ni za nini. Mimi na Mashimba tulikuwa tunabanana mbavu kwa furaha. Baba alikuwa anatuambia tunyamaze, lakini yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu. Sijui kama niliwahi kumwona anatabasamu hivyo mahali pengine.

Basi kazi imekwisha. Siku ya mkutano nitapiga mluzi, mnyama atatoa kichwa, afisa ataandika.

Nimejaribu leo jioni nyuma ya zizi la mbuzi. Umetoka upepo na mate. Meno mawili ya mbele hayapo, nilikuwa nimesahau.

Alhamisi, 5 Septemba

Mazoezi siku nzima.

Ndani nimefukuzwa. Generoza anasema mluzi ndani ya nyumba unaita nyoka. Nikamwambia mluzi wenyewe haujatoka bado, nyoka watasikia nini? Hata hivyo nimefukuzwa.

Nikahamia njiani. Nimejaribu kwa vidole. Nimejaribu kwa kukunja ulimi. Nimeziba pengo kwa kipande cha muwa, nikakimeza. Mara moja ulitoka mlio mdogo, mwembamba, na wakati huohuo akapita Esteria, mjane wa jirani, amebeba ndoo. Akasimama. Akaniangalia juu mpaka chini. Akasema Mungu ananiona, na katika umri huu. Nilitaka kumweleza habari za fisi maji, lakini hakungoja. Akaenda moja kwa moja kwa Generoza.

Generoza amecheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza kinachochekesha ni nini. Akasema amemwambia Esteria asiogope, kwamba huyu mzee akimpigia mtu mluzi wa kweli atajua tu. Sikuelewa.

Mluzi umekataa, basi nimechukua tahadhari. Afisa anakuja Jumamosi, lazima kuwe na dalili ya mnyama. Fisi maji hana kucha ndefu, nyayo zake za mbele zinafanana na mkono wa mtu. Baba ndiye aliyetuonyesha. Jioni nimeshuka lamboni nikapiga magoti, nikagandamiza mikono yangu kwenye tope, mara nyingi, kutoka majini mpaka kwenye matete. Nimefanya kwa ustadi mkubwa. Hata mimi nilipogeuka nyuma nikashtuka kidogo.

Ijumaa, 6 Septemba

Afisa amekuja leo badala ya kesho! Anasema anataka kuona mazingira kabla ya mkutano. Vijana wa siku hizi.

Anaitwa Winnie. Binti mdogo, gambuti safi, darubini shingoni. Ana adabu, alinishikia mkono kwenye mteremko. Nikampeleka moja kwa moja kwenye nyayo. Alichuchumaa. Akazitazama kwa muda mrefu na akapiga picha. Nikaanza kuona mambo yanakwenda.

Akaniuliza kama fisi maji wa huku wamefunga ndoa.

Nikasema labda wanaishi wawili wawili. Akanionyesha kwa kalamu. Kwenye kila wayo wa kushoto, kidole cha pili kutoka mwisho, kulikuwa na alama ya pete. Imetoka vizuri sana. Hata ule mkunjo mdogo ambao fundi wa Bariadi aliutengeneza alipoipanua pete yangu.

Nikaweka mkono mfukoni. Akasema baba, umechelewa.

Hakukasirika, lazima niseme. Alikaa kwenye tuta akaniuliza kwa nini matete haya yananiuma hivyo. Nikaanza na sababu za maji, na mmomonyoko wa udongo, mambo niliyoyasikia redioni. Akasema hizo anazijua. Basi nikamwambia za baba. Nikamwambia kuhusu mluzi, na kichwa kinachotoka kwenye matete, na watoto wawili wamelala kifudifudi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hizo ni habari nzuri, lakini yeye ataandika anachokiona kesho, basi. Kama hakuna kitu ataandika hakuna kitu.

Wakati tunapanda, Mashimba alikuwa anapima kwa hatua mahali pa kuweka pampu yake. Akanisalimia. Safari hii nilijibu kwa kifupi, na ninajua ni vibaya, lakini nilikuwa nimechoka.

Sijala jioni. Nimefikiri nikiwa kitandani kwamba yakifyekwa matete, sina tena mahali pa kumkumbukia baba. Kaburi ninalo, lakini kaburini hakuwahi kutabasamu.

Jumamosi, 7 Septemba

Lazima niandike yote kwa utaratibu.

Watu walijaa tuta lote. Wazee kwenye viti, kina mama chini, Mwenyekiti Paschal amesimama kwenye gema chini karibu na maji ili aonekane, na shati jeupe. Ng'ombe wa kijiji walikuwa mbali, kwenye ngitili, wanalindwa kwenye lile shamba la majani ya kiangazi mpaka mkutano uishe. Winnie alikaa na darubini tangu asubuhi. Alipoulizwa akasema mpaka sasa ameona bata, yangeyange na kongoti mmoja. Kongoti alikuwa ananitazama mimi.

Mashimba akaeleza habari za nyanya. Alieleza vizuri, ng'ombe wezi wa mabua nyumbani kwake hawatoshi, anataka na nyanya. Watu wakapiga makofi.

Mwenyekiti akaniita. Akasema ng'wana Mahona, fisi maji yuko wapi. Wakacheka. Generoza hakucheka, nilimwona, alikuwa amesimama peke yake mwisho wa tuta.

Nikashuka mpaka majini. Sikuwa na mpango wowote, na hilo si kawaida yangu. Nikakumbuka tu kwamba baba, kabla ya kupiga mluzi, alikuwa anainama na kulowesha midomo kwa maji ya lambo. Nikainama. Nikalowesha. Yana ladha ileile, ya chumvi kidogo na majani. Nikakunja midomo kulifunika pengo.

Ukatoka!

Mrefu unaopanda. Mifupi miwili. Mrefu unaoshuka. Ulikwenda mpaka upande wa pili na kurudi. Haukuwa wangu, ulikuwa wa baba kabisa. Nikaupiga tena. Nikatazama matete. Winnie akainua darubini.

Kitu kikatikisika. Lakini hakikuwa kwenye matete. Ilikuwa ni ardhi.

Waliteremka kutoka ngitili wote kwa pamoja, kundi zima la Mashimba, mikia juu, vumbi kama la kimbunga, wachungaji nyuma wanapiga kelele bure. Mbele yao yule mwekundu mwenye nyota. Walipita katikati ya mkutano. Viti vilikwenda. Wazee ambao juzi walikuwa hawawezi kutembea niliwaona wamepanda mti. Dume jeupe halikumgusa Mwenyekiti, lilimpita karibu tu, lakini alirudi nyuma, na nyuma kulikuwa na lambo. Ng'ombe wakaingia majini wakazunguka miguu yangu, wakainamisha vichwa, wakanywa. Kwa utulivu kabisa, kama walivyokuwa wanakunywa zamani.

Kisha bibi mmoja kati ya wale wakongwe, kutoka chini ya tuta, akasema kwa Kisukuma kwamba huo ni mluzi wa Mahona, na yeye alifikiri umeshakufa.

Watu wakamgeukia Mashimba. Paschal, kutoka ndani ya maji, akamuuliza imekuwaje ng'ombe wake wanaitika mluzi wa mji mwingine.

Mashimba alivua kofia. Sijamwona bila kofia miaka mingi, kichwa kimekuwa cheupe kama changu. Akasema alipowanunua ng'ombe wa mzee, walikataa kunywa. Walisimama ukingoni wanatazama njia. Akawapigia mluzi wa mji wake mwenyewe, hawakusogea. Wakaanza kukonda. Siku moja akawapigia wa Mahona, wakanywa. Tangu hapo hajapiga mwingine. Ndama wakaujua kwa mama zao, na ndama wa ndama. Akasema huwa anaupiga kila mchana, kwa sauti ya chini, saa ambazo mimi nimelala, kwa sababu alikuwa anaona haya nisije nikasema ameiba.

Halafu akasema, hili aliniambia mimi, kwamba tangu mzee afariki hajawahi kuusikia ukitoka kwa mtu mwingine. Alifikiri mzee amerudi. Akasema matete yaachwe. Nyanya atapanda upande wa chini.

Nililia. Mbele ya kijiji kizima, nimesimama kwenye tope katikati ya ng'ombe. Siwezi kuandika vinginevyo.

Winnie ameandika kwenye ripoti yake: fisi maji hakuonekana. Ameandika pia kwamba wanakijiji wamekubaliana wenyewe kuyatunza matete. Aliponiaga alisema niiangalie hiyo pete.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani kila mtu ananipa mkono. Esteria naye, ila kwa mbali.

Wakati wa chakula nikamwambia Generoza kwamba nimeshinda, lakini moyoni bado kuna kitu. Nilitaka mnyama aonekane. Sasa labda hayupo kweli, labda alishaondoka zamani.

Generoza akaniongezea michembe na karanga. Akasema yupo. Akasema jana, nilipopiga mluzi wa pili, kabla ng'ombe hawajafika, kichwa cha kahawia kilitoka kwenye matete ya upande wake, kina ndevu, kikatazama, kikazama.

Sikuamini masikio yangu. Nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele, afisa yuko pale na darubini, kijiji kizima kiko pale. Akasema hakuwa na nafasi. Alikuwa ananitazama mimi. Akasema mluzi ule kutoka kwangu mara ya mwisho aliusikia mji wa baba yake, wakati natafuta mchumba, nilipokuwa napita nyuma ya minyaa yao kumjulisha nimefika. Alikuwa anatoka na ndoo tupu kana kwamba anakwenda kuchota maji. Miaka yote nikiwa karani alikuwa anangoja niupige tena, na hakutaka kuniomba.

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba, nikalowesha midomo, nikaupiga mara moja, polepole. Akatoka na ndoo tupu. Tumecheka mpaka Esteria akachungulia.

Jumatano, 11 Septemba

Mashimba anataka niwe nakwenda naye kunywesha mchana. Nimekwenda jana na leo. Tunalala kifudifudi juu ya tuta, ingawa kuamka ni kazi ya watu wawili. Jana alinipa kofia yake niijaribu. Inanikaa vizuri kuliko yeye, nimemwambia.

Lakini kukaa hivi wazi juu ya tuta siyo utaalamu. Fisi maji yupo, Generoza amemwona, na hawezi kutoka akiona wazee wawili wanabishana. Kinachotakiwa ni kibanda cha kujificha, karibu na maji. Nimekijenga leo. Nimetumia mabua ya mtama. Ni magumu kuliko ya mahindi, ng'ombe hawatayataka.

Mashimba amenishikia kamba muda wote wa kujenga. Mwisho akasema ng'ombe watakula. Generoza naye, alipoletewa habari, akasema watakula. Nimewaambia wote wawili kwamba hawajui kupanga mambo.

Kesho mchana mimi na Mashimba tutakuwa ndani, tumenyamaza kabisa, na chai na michembe. Tukishatulia, nitapiga mluzi.